Kwenda Ugenini Kutoka Malindi: Mwongozo Kamili wa Shabiki, Mchangani Lamu na Kwenye Nyasi Bandia

Mwaka wa kwanza niliposhika daftari la mchango la kundi letu la mashabiki hapa Malindi, tulikwenda Lamu watu ishirini na sita tukarudi ishirini na tano. Huyo mmoja hakupotea. Alikuwa kinyozini, mtaa wa Langoni mjini Lamu, ndevu zimenyolewa upande mmoja, huku boti yetu ikikata maji kuelekea Mokowe, jeti ya upande wa bara. Alilala kwa jamaa, akala vizuri kuliko sisi sote, na mpaka leo anasema safari ile ndiyo bora aliyowahi kwenda. Mimi ndiye niliyepigiwa simu na mkewe usiku kucha.

Tangu siku hiyo nimejifunza kupanga. Watu wengi wakipanga safari ya ugenini huanza na gari: nani ana gari, linabeba wangapi, linaondoka saa ngapi. Mimi siku hizi huanza na mambo mawili yaliyo mwisho wa safari, nikirudi nyuma mpaka mlangoni kwangu. La kwanza, kiwanja tunachokwenda kimetandikwa nini. La pili, tutarudi vipi refa akishapuliza kipenga cha mwisho. Ukiyajua hayo, gari ni jambo dogo.

Hatua ya kwanza: uliza kiwanja, uliza saa

Mechi zetu za pwani nyingi huanza saa kumi alasiri, na sababu kila mtu anaijua: jua limepungua makali na watu wameshaswali. Sasa fanya hesabu. Dakika 90, mapumziko dakika 15, na dakika za majeruhi zikigharimu nyingine tano au kumi. Mechi iliyoanza saa kumi kamili inakwisha karibu saa kumi na mbili. Huku kwetu jua linazama baina ya saa kumi na mbili na dakika chache na saa moja kasorobo, kutegemea mwezi. Mechi ikichelewa nusu saa tu, kwa sababu refa hajafika au nyavu hazijafungwa, dakika kumi za mwisho zinachezwa gizani, na wewe uko ng'ambo ya maji.

Kwa hiyo piga simu kwa mwenyeji siku saba kabla. Usimpigie kiongozi wa timu, yeye atakwambia kila kitu kiko sawa. Mpigie shabiki mwenzako wa huko, au muuza kahawa wa karibu na kiwanja. Mwulize: kiwanja ni mchanga, nyasi za kawaida au ni kapeti, yaani nyasi bandia? Kuna uzio au watu husimama mstarini? Kuna kivuli? Choo kiko wapi? Swali la choo wanaume huliruka. Kundi lenye kina dada na kina mama likifika mahali hapana choo, mechi yao imekwisha kabla haijaanza, na safari ijayo hawaji.

Hatua ya pili: mchango, na nauli ya kurudi

Huanza kukusanya wiki mbili kabla, kwa M-Pesa, na kila jina naliandika kwenye daftari la karatasi, kwa kuwa simu huzima. Matatu ya kawaida ina viti 14. Mkiwa 16 msijipe moyo kwamba "tutabanana". Kizuizi cha kwanza mtashushwa wawili, na ubishi wa nani ashuke huvunja urafiki.

Kanuni yangu moja kwenye pesa ni hii: nauli ya kurudi haikai na aliyebeba nauli ya kwenda. Anapewa mtu mwingine, ikiwezekana mama mtu mzima asiyependa mzaha, naye haitoi hata kama timu imefuzu fainali na vijana wanataka kuchinja mbuzi. Tulilipata funzo hilo kwenye mji mmoja ambako mlangoni tulitozwa kiingilio mara mbili, mara ya pili eti kwa sababu tulikuwa na ngoma. Tulibishana, mechi ikaanza, tukalipa. Pesa ile ilitoka kwenye nauli, na tulirudi Malindi juu ya lori la nazi.

Hatua ya tatu: barabara mpaka Mokowe

Kutoka Malindi hadi jeti ya Mokowe ni kama kilomita 220, kupitia Garsen, Witu na Hindi. Zamani sehemu ya Garsen hadi Lamu ilikuwa vumbi na mashimo. Sasa ni lami, na basi hufika kwa saa nne hivi ukihesabu vizuizi. Vizuizi ni vingi, na ni vya kweli: njia hiyo imewahi kushambuliwa, na kuna nyakati magari husafiri kwa msafara wenye askari. Kila mtu abebe kitambulisho halisi. Picha ya kitambulisho kwenye simu haitoshi, na kijana ambaye hajapata kitambulisho aende na mzazi au mlezi. Kusafiri usiku usikupange kabisa. Ondokeni baada ya swala ya alfajiri, mle mahamri na mbaazi njiani, mfike mchana mkiwa na akili.

Msimu wa mvua ongeza simu nyingine moja, kwa mtu wa Garsen au Witu. Mto Tana ukifurika haujali ratiba ya ligi. Novemba 2023 maji yaliikata barabara ya Lamu pale Lango la Simba, abiria wakakwama pande zote mbili. Mechi inaahirishwa, pesa ya gari hairudi.

Hatua ya nne: soma mwezi kabla ya kusoma msimamo wa ligi

Hapa nitakaa kidogo, kwa maana ndipo mashabiki wa nchi kavu wanapoumia.

Kama mechi ni Lamu mjini, mambo ni mepesi. Mokowe hadi mjini boti la kawaida linachukua nusu saa au zaidi kidogo, spidi boti robo saa hivi. Pateni bei kabla ya kukanyaga boti, mkalipe wote kwa mkono mmoja, si kila mtu na nauli yake. Vaeni laifujaketi hata kama baharia anawacheka. Kama mechi ni Shela, kutoka Lamu mjini ni kama kilomita tatu kwa ukingo wa maji, mwendo wa robo tatu ya saa. Bamvua, yaani maji makuu, likijaa sehemu za njia ile humezwa na maji, mtapita nyuma kwenye mchanga mzito na ngoma vichwani.

Lakini mkipangiwa kisiwa cha Pate, tuseme Faza au Kizingitini, fungua kalenda ya mwezi. Njia ya huko hupita Mkanda, ule mfereji mwembamba kati ya Manda na nchi kavu, na Mkanda hupitika vizuri maji yakiwa yamejaa. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Huku kwetu siku za bamvua maji hujaa kama saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa kama saa nne au tano, mchana na usiku. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa dakika kama hamsini. Wiki moja baadaye ni maji mafu, ambapo kupwa na kujaa havitofautiani sana, na mambo yamegeuka: maji yamejaa saa nne asubuhi.

Sasa weka mechi juu ya hesabu hiyo. Mechi saa kumi, siku ya bamvua, Faza. Ukiondoka Lamu saa nne asubuhi kwa raha zako baada ya chai, unakutana na Mkanda mtupu. Nimekaa pale. Boti liliegemea ubavu kwenye matope, kaa wakapita wakitutazama, na kipa wetu, ambaye alikuwa ndani pamoja nasi, akaanza kupasha misuli juu ya mikoko. Kijana mmoja alimwuliza nahodha, "Babu, itakuwa lini?" Mzee akajibu bila kugeuka, "Mwanangu, mai hayamngoji mtu, na mtu hana budi kuyangoja mai." Tulifika kipindi cha pili. Tulikuwa tumefungwa mawili.

Siku kama hiyo ondoka saa kumi na mbili au moja asubuhi, ukae Faza mchana kutwa. Jioni mechi ikiisha saa kumi na mbili, maji yameanza kupwa lakini bado yapo. Hapo hakuna kuaga, hakuna picha na mfungaji, hakuna "ngoja nimalize chai". Aliye na shughuli abaki, arudi na boti la kesho. Na kama ni miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, bahari ya nje ina mawimbi na upepo. Nahodha akikwambia leo hapana, leo ni hapana. Usimwongezee pesa ili abadili mawazo. Nahodha anayebadili mawazo kwa pesa ni wa kumkimbia.

Hatua ya tano: mgeni ni mgeni

Lamu mji wa kale ni urithi wa dunia tangu 2001, lakini si kwa ajili ya hilo nawaambia mjiheshimu. Ni kwa sababu vichochoro vile ni kama sebule za watu. Ukipiga ngoma mtaa wa Mkomani saa nane mchana, umeipigia ndani ya nyumba ya mtu. Tunafanya hivi: ngoma na vuvuzela hufungwa kutoka jeti mpaka kiwanjani. Fulana haivuliwi, hata ukiwa umeloa. Adhana ikilia, kimya, hata kama ni penalti. Nimeona mashabiki wa timu mbili zilizokuwa zikitupiana maneno wakinyamaza pamoja dakika tatu, kisha wakaendelea pale pale walipoachia.

Nyimbo za kejeli ruksa, na watu wa Lamu wenyewe ni mabingwa wa kukupiga kijembe kwa shairi ukabaki kucheka. Matusi ya mama ya mtu si kejeli. Punda mpishe, yeye hakujui. Na ukimkuta mzee amekaa barazani, shikamoo kwanza, njia baadaye. Atakupa na maji.

Mchanga wenyewe una maarifa yake. Shabiki anayesimama mstarini kwenye kiwanja cha mchanga avae miwani au ajifunge leso, kwa maana alasiri upepo wa kusi hutimua mchanga machoni. Sandali zenye kamba ni bora kuliko raba, ambazo zitajaa. Mkae upande wa magharibi wa uwanja ikiwa wenyeji wamewaruhusu, jua liwe mgongoni. Wakati wa Maulidi usiende bila kulala kumehakikishwa. Mji hujaa watu kutoka pwani nzima, na mpira wenyewe huwa sehemu ya sherehe.

Hatua ya sita: kapeti

Sasa tuje kwenye kitu kinachotusumbua zaidi miaka hii. Nyasi bandia, tafu, kapeti, kila mtu na jina lake. Viwanja vidogo vya kukodi vimeingia kwenye miji yetu, na timu ikipanda daraja kidogo tu itakutana na kikubwa. Shabiki husema, "Kiwanja ni cha wachezaji, mimi kinanihusu nini?" Kinakuhusu.

Mara ya kwanza kukanyaga kapeti ilikuwa Mombasa, Februari, kaskazi ya mwisho mwisho, saa saba mchana. Mashabiki wa pande mbili tulikuwa na mechi yetu ya utangulizi kabla ya mechi kubwa. Sikuwa na viatu vya kuchezea, nikasema nitacheza pekupeku kama Malindi. Nilifika hatua ya kumi. Nyasi bandia zilizopigwa na jua kali zinaweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi juu ya uso wake, hata kama hewa yenyewe ni 32 tu. Nyasi za kweli zina maji ndani na hujipoza. Plastiki haina cha kujipozea, na zile chembe nyeusi za mpira zilizomwagwa katikati ya nyuzi zinanyonya joto kama kikaango. Nilitoka nikiruka kama mtu aliyekanyaga makaa, mashabiki wa pande zote mbili wakisimama kunishangilia. Malengelenge yalikaa wiki.

Basi, la kwanza ni viatu vilivyofunika mguu, soli nene. Malapa si viatu. Watoto wasiachwe kuketi juu ya kapeti mchana. Kama mwenyeji anamwagia maji kabla ya mechi, usidhani ni mbwembwe: maji hupoza, ingawa joto hurudi upesi jua likiwa kali, na pia hufanya mpira uteleze kwa kasi. Mwenyeji anayejua kupiga pasi za chini atamwaga maji. Ukiona bomba linafunguliwa, mwambie kocha wenu.

La pili ni mnachobeba. Kapeti huungua. Sigara ikidondoka, panabaki tundu, na tundu hilo hukua kila mechi mpaka linafungua mshono. Muuza mishkaki na jiko lake abaki nje ya uzio. Bazoka, ile chingamu, ikikanyagwa haitoki tena. Na hili nitalisema wazi maana wenzangu wanalijua: wanaotafuna muguka wasiteme kwenye kapeti. Mchanga hufukia, kapeti halifukii. Kikombe cha plastiki mfukoni kinatosha. Viti vyenye miguu ya chuma vikivutwa vinachana nyuzi, kwa hiyo mkija na viti vyenu, viinueni.

La tatu ni zile chembe nyeusi. Nyingi ni matairi ya zamani yaliyosagwa. Zitaingia kwenye soksi, kwenye pindo la suruali, kwenye mkoba wa mama aliyebeba nauli ya kurudi. Kung'uteni viatu getini, hapo hapo, zirudi kiwanjani kwao. Mimi sikujua, nikaenda nazo nyumbani; mke wangu alizifagia siku tatu akidhani ni mavi ya panya. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 sheria ya kuzuia chembe hizo zisiuzwe, kwa muda wa mpito wa miaka minane, maana zinasambaa ardhini na majini. Sisi wenye bahari mlangoni tungelifikiria hilo mapema.

La nne ni viatu vya timu. Wakati mwingine klabu haina pesa, na mashabiki ndio hununua. Msinunue daluga za meno ya chuma, hizo kwenye kapeti haziruhusiwi. Hata zile za meno marefu ya plastiki zinanasa: mguu unabaki, goti linageuka. Tafuteni za meno mafupi na mengi. Kipa avae suruali ndefu au vilinda magoti, kwa maana akiteleza anaungua ngozi, na kidonda hicho ni cha msuguano, si mchubuko wa mchanga tuliouzoea. Kioshwe kwa maji safi na sabuni siku ile ile.

Kusoma mchezo wa kapeti ukiwa jukwaani

Shabiki anayejua kapeti hapigi kelele ovyo. Timu yetu imelelewa kwenye mchanga. Kwenye mchanga ukitaka mpira ufike, unaupiga kwa nguvu, nao unakufa njiani. Peleka nguvu hiyo hiyo kwenye kapeti, mpira unamkimbia winga na kutoka nje. Dakika ishirini za kwanza mashabiki wetu huwazomea mawinga, "Ana miguu ya mbao!" Hana. Anapokea pasi za Malindi kwenye uwanja wa Mombasa. Wapeni robo saa ya kuzoea, au bora zaidi, wachangieni saa moja ya kukodi kiwanja kama hicho siku mbili kabla.

Kuna kipimo kidogo ninachopenda kufanya, na wenzangu wananicheka. Kwenye utaratibu wa FIFA wa kukagua nyasi bandia, mpira huangushwa kutoka mita 2, na unatakiwa kudunda baina ya sentimita 60 na mita 1. Kwa daraja la juu zaidi, mwisho sentimita 85. Mpira ukiviringishwa kutoka kwenye kiteremko chao cha kupimia, usiende mbali zaidi ya mita 10, na kwa daraja la juu mita 8. Kiteremko sina. Ila mita mbili ni kimo cha mlinzi wetu wa kati akiinua mkono kidogo. Namwomba aangushe mpira wakati wa kupasha. Ukidunda kupita kiuno chake, kapeti limechakaa na limegandamana kama sakafu: mipira mirefu itaruka juu ya vichwa vya mabeki, na mshambuliaji mwenye mbio ana siku yake. Ukidunda juu kidogo ya magoti, ni kiwanja cha pasi. Tazameni pia mbele ya magoli na kwenye kona. Hapo ndipo nyuzi hulala kwanza na chembe huisha, na kapeti zuri ni lile linalopigwa brashi kuzisimamisha.

Kuhusu mabishano ya kijiweni: nyasi bandia ni halali. Sheria za mchezo ziliziruhusu wazi mwaka 2004, na rangi lazima iwe kijani. Kombe la Dunia la wanawake la 2015 huko Kanada lilichezwa lote juu yake, ingawa wachezaji wengi walilalamika. Waingereza walianza mapema na vibaya: klabu ya QPR ya London iliweka plastiki uwanjani kwake Loftus Road mwaka 1981, mpira ukawa unadunda kama wa tenisi, na klabu ya mwisho kuondoa zulia la kizazi kile, Preston, ilifanya hivyo mwaka 1994. Anayekwambia leo kwamba kapeti ni kapeti tu, amekaa na kumbukumbu za miaka hiyo.

Na wale vijana wetu wa ufukweni wanaojua Kiitaliano kuliko Kiingereza, wengi wakiwa mashabiki wa Roma damu damu, wanakumbuka Oktoba 2021. Roma walikwenda Norway kwa Bodø/Glimt, juu ya nyasi bandia na kwenye baridi, wakala 6-1. Aprili 2022 wakarudi huko huko wakafungwa 2-1. Wiki moja baadaye, Roma kwenye nyasi zao, ikawa 4-0 kwao, na kombe la Conference League wakalibeba. Sisemi ni kapeti pekee. Nasema yule rafiki yangu wa Casuarina, hapa Malindi, aliyevunja redio yake ile Oktoba angeokoa redio kama angejua timu yake inakwenda kukanyaga nini.

Hatua ya saba: mkivuka mbali zaidi

Bara, kiwanja cha Camp Toyoyo mtaani Jericho, Nairobi, ni cha nyasi bandia, na City Stadium, ambacho tangu 2019 kinaitwa kwa jina la marehemu Joe Kadenge, nacho kilitandikwa. Ukienda Nairobi kwa mechi, jioni kuna baridi. Watu wa Malindi hucheka hilo mpaka saa kumi na mbili. Beba sweta.

Tanzania nyasi hizi ni za kawaida zaidi kuliko kwetu: Uhuru jijini Dar es Salaam, Kaitaba kule Bukoba, Amaan Unguja na Gombani Pemba zote zimekuwa nazo. Kwa safari ya Unguja mwezi Januari, wakati wa Kombe la Mapinduzi, pasipoti iwe hai na kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkononi. Unguja hutajihisi ugenini sana. Watakutania lafudhi tu.

Hatua ya nane: kurudi

Shabiki mwenzangu, wakati wa kurudi ndio wakati wa makosa. Tumeshinda, kila mtu ni mfalme. Tumeshindwa, kila mtu ana hasira na mtu. Ninafanya hivi: dakika ya themanini, vyovyote matokeo yalivyo, watu wawili waliochaguliwa tangu Malindi wanaondoka kiwanjani kwenda kumshika nahodha au dereva. Hawarudi. Wanachukia kazi hiyo, kwa hiyo ni ya zamu, na jina la zamu limeandikwa kwenye daftari pamoja na mchango.

Kuhesabu watu hufanyika kwenye jeti kabla ya mtu yeyote kuingia botini, kwa majina, si kwa vichwa. Vichwa hudanganya, mara moja tulihesabu ishirini na sita kamili, tukafika Mokowe tukagundua mmoja wetu ni muuza mabuyu wa Lamu aliyekuwa akipata lifti. Tulimnunulia mabuyu yote, tukamlipia nauli ya kurudi kwao na boti la mwisho, na yule wa kwetu aliyebaki tukamwambia kwa simu amngojee kwenye ngazi ampokee chenji yetu.